Alama 511 za akili: kisa cha zebaki ya makaa ya mawe nchini Marekani

Desemba 2011, EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, lilitangaza kanuni ya kuibana zebaki inayotoka kwenye mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Kanuni iliambatana na kitabu kinene cha hesabu za gharama na faida. Humo wachumi wa EPA waliandika kwamba watoto wapatao 244,000, ambao mama zao wangekula samaki wenye zebaki wakiwa wajawazito, wangeepushwa kupoteza wastani wa alama 0.00209 za IQ, yaani kipimo cha akili, kila mmoja. Ukizidisha unapata alama 511 kwa nchi nzima. Alama hizo wakazitia bei: dola milioni 4 hadi 6 kwa mwaka. Gharama ya kutekeleza kanuni ilikadiriwa kufika dola bilioni 9.6 kwa mwaka.

Ukionyeshwa namba hizo mbili pasipo maelezo utauliza mara moja: mabilioni yote haya ya nini, kwa faida ya milioni chache? Ndivyo yalivyouliza majimbo yaliyoishtaki EPA, wachimbaji wa makaa, na mwishowe majaji watano wa Mahakama ya Juu mwaka 2015. Kesi hiyo, Michigan dhidi ya EPA, ndiyo ninayoichambua hapa. Namba 511 imetajwa mara nyingi kana kwamba ndiyo madhara yenyewe ya zebaki, na sivyo. Ilipatikana kwa kuwaacha nje walaji wengi wa samaki, maradhi mengine, na karibu bahari yote.

Kutoka tanuri hadi kitovu

Tani moja ya makaa ya mawe huwa na zebaki kidogo sana, kwa kawaida karibu sehemu moja ya kumi ya gramu. Lakini mtambo mkubwa huchoma maelfu ya tani kwa siku, na joto la tanuri huigeuza karibu zebaki yote kuwa mvuke. Sehemu ya mvuke huo ikiungana na klorini au bromini huweza kuyeyuka majini, kwa hiyo hushuka na mvua baada ya siku chache, aghalabu katika mikoa ya jirani. Iliyobaki huelea angani miezi kadhaa na huweza kushuka bara jingine kabisa.

Ikishatua ziwani bado haijafika kwa mtu. Ndani ya tope, pasipo oksijeni, bakteria fulani huibadilisha kuwa methilizebaki, na hii ndiyo sumu tunayoizungumzia. Vijidudu vya majini huikusanya, samaki wadogo huwala vijidudu, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila hatua kiwango kinapanda. Ndani ya samaki mla samaki kinaweza kuwa mara milioni moja au zaidi ya kile kilichomo kwenye maji yenyewe. Kumwosha samaki hakusaidii, kumkaanga hakusaidii, kumwondoa mafuta na ngozi hakusaidii, kwa kuwa sumu imeshikamana na protini ya mnofu.

Tumboni mwa mlaji hunyonywa karibu yote, na mwili huchukua takriban siku 50 kuitoa nusu yake. Hupita kwenye kondo la nyuma pasipo kizuizi. Damu ya kitovu cha mtoto kwa kawaida hukutwa na zebaki nyingi kuliko damu ya mama yake, na ubongo unaojengwa tumboni hauwezi kustahimili kiasi ambacho ubongo wa mtu mzima unakivumilia. Huko Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, walikuwapo akina mama walioonekana wazima huku watoto wao wakizaliwa na ulemavu mkubwa.

Minamata ilikuwa sumu ya kiwango cha juu mno. Moshi wa makaa huleta kiwango cha chini, kwa watu wengi, kwa miaka mingi. Mtoto hazaliwi kilema. Anazaliwa akiwa na umakini, kumbukumbu na wepesi wa lugha vilivyopungua kidogo, na hakuna daktari atakayeweza kumtazama akasema hili limetokana na zebaki. Ugumu wote wa kisa hiki umelala hapo.

Faroe na Shelisheli

Kiwango salama kilipatikanaje, basi? Tafiti mbili kubwa za visiwani zilikinzana. Kwenye Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, wenyeji hula nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi. Watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987, na walipofika umri wa miaka 7 wakaona kwamba zebaki ilipozidi kwenye damu ya kitovu, ndivyo matokeo ya vipimo vya lugha, umakini na kumbukumbu yalivyoshuka.

Shelisheli, katika Bahari yetu ya Hindi, majibu yalikuja tofauti. Zaidi ya akina mama 700, ambao wastani wao ulikuwa mlo wa samaki karibu mara 12 kwa wiki, walipimwa zebaki kwenye nywele wakati wa ujauzito. Ilikuwa nyingi kuliko ya Wamarekani kwa mbali. Hata hivyo watoto wao hawakuonyesha madhara ya kueleweka. Makampuni ya umeme yaliishika Shelisheli kwa mikono miwili.

Mwaka 2000 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilipima tafiti hizo pamoja na moja ya New Zealand, likaamua kwamba kiwango cha EPA kilikuwa sahihi na kwamba Faroe ndiyo iwe msingi wake: mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwanamke wa kilo 60 anatakiwa asizidishe mikrogramu 42 kwa wiki. Samaki mwenye mikrogramu 0.3 kwa gramu, ambacho ndicho kikomo cha EPA cha samaki wa maji baridi, atafikisha kiasi hicho kwa gramu 140 tu. Hicho ni kitoweo cha mlo mmoja. Jopo lilikadiria kwamba watoto zaidi ya 60,000 huzaliwa Marekani kila mwaka wakiwa katika hatari.

Mimi siwalaumu watafiti wa Shelisheli, na kazi yao ya baadaye imenifunza zaidi kuliko ile ya kwanza. Katika kundi la pili la akina mama walipima pia virutubisho, hasa mafuta ya omega-3. Walipoyatenganisha hayo mafuta na zebaki, dalili za madhara kwenye vipimo vya viungo vya watoto wa miezi 30 zikajitokeza. Samaki anajenga ubongo, na zebaki iliyomo ndani yake inabomoa sehemu ya kilichojengwa. Kwa hiyo kumwambia mjamzito aache samaki ni kumnyima chakula bora kabisa cha mtoto wake. Ushauri wa serikali ya Marekani kwa wajawazito unasema hivyo hivyo: kuleni samaki mara mbili au tatu kwa wiki, lakini epukeni papa, nduaro na wengine wakubwa walao samaki. Ushauri huo unawafaa pia akina mama wa pwani yetu wanaopenda ng'onda wa papa. Ila njia ya kudumu ni kuipunguza zebaki kabla haijamfikia samaki, na hapo ndipo sheria inapoingia.

Miaka 21 ya kusubiri

Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1990. Viwanda vingi viliamriwa moja kwa moja kudhibiti sumu zao. Mitambo ya umeme ilipewa upendeleo: EPA ichunguze kwanza, kisha iidhibiti ikiona “inafaa na ni lazima”. Maneno hayo machache yamegombewa mahakamani kwa zaidi ya miaka 20.

Ripoti ya zebaki ilifika bungeni mwaka 1997. Desemba 2000 EPA ikatamka kwamba inafaa na ni lazima. Mwaka 2005 uongozi uliofuata ukalifuta tamko hilo, ukaleta badala yake soko la vibali, ambapo mtambo mchafu ungeweza kununua haki ya kuendelea kutoa zebaki kutoka kwa mtambo msafi. Kwa sumu inayoanguka karibu na inapotoka, soko la namna hiyo ni hatari, kwa sababu wanaoishi chini ya mtambo ulionunua vibali hawanunuliwi hewa nyingine. Februari 2008 Mahakama ya Rufaa ya Washington ililitupa. Ndipo ikaja kanuni ya Desemba 2011.

Kufikia hapo majimbo yote 50 yalikuwa yametoa maonyo kuhusu kula samaki wenye zebaki. Mitambo ya umeme ilikuwa ikitoa tani zipatazo 29 kwa mwaka, ikiwa chanzo kikubwa kuliko vyote nchini. Vifaa vya kuizuia vilikuwa vipo madukani: unapuliza unga wa kaboni ndani ya moshi, aghalabu ukiwa umetiwa bromini, zebaki inanata kwenye unga, na vichujio vya vitambaa vinaudaka unga huo kabla ya dohani. Kwa njia hii zaidi ya asilimia 90 ya zebaki huweza kunaswa.

Jinsi 511 ilivyozaliwa

Sasa turudi kwenye kitabu cha hesabu. Wachumi wa EPA walitakiwa kutia bei faida ya kupunguza zebaki. Walichagua kundi moja la watu: familia za wavuvi wa kujifurahisha wanaovua samaki wa maji baridi, wakawapeleka nyumbani na kuwala. Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Kwa maziwa na mito ya ndani waliweza kukisia njia kutoka moshi wa mtambo hadi samaki. Kwa bahari hawakuweza, maana zebaki ya Ohio huchanganyika huko na ya China na ya volkano.

Lakini tazama walioachwa. Wamarekani walio wengi hupata methilizebaki kwa samaki wa baharini wa kununua, jodari wa kopo akiwa mmoja wao. Wote hao walihesabiwa sifuri. Wapo wanaovua kwa ajili ya riziki: Waojibwe, wenyeji wa asili wa maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, ambao samaki ni haki yao ya mikataba na ni ibada yao, na familia maskini za kusini-mashariki ambazo samaki wa mtoni ndiye kitoweo. Kwenye tathmini ya hatari EPA iliwaangalia watu hawa na kukuta hatari yao ni kubwa. Kwenye hesabu ya fedha hawamo.

Maradhi nayo yaliachwa. Utafiti wa wanaume wa mashariki mwa Finland ulikuwa umeonyesha tangu mwaka 1995 kwamba zebaki ya samaki inahusiana na mshtuko wa moyo, lakini hatari hiyo haikutiwa bei. Umakini, kumbukumbu na uwezo wa lugha, ambavyo ndivyo vilivyoguswa zaidi kule Faroe, havikuhesabiwa. Ilihesabiwa IQ peke yake, kwa sababu kuna fomula ya kuigeuza IQ kuwa mshahara. Na fomula yenyewe ina jambo ambalo bado linanikera: mtoto mwenye akili zaidi hutarajiwa kusoma miaka mingi zaidi, kwa hiyo gharama ya masomo yake ilikatwa kutoka kwenye thamani ya alama alizookolewa. Kusoma kuliandikwa upande wa hasara.

Mwaka 2005 watafiti wa Mount Sinai, New York, walikuwa wamejaribu hesabu pana zaidi, iliyochukua watoto wote wanaozaliwa na zebaki iliyozidi kikomo kwenye damu ya kitovu. Walipata hasara ya dola bilioni 8.7 kwa mwaka, na sehemu ya mitambo ya umeme ya Marekani ikawa bilioni 1.3, ingawa ukingo wao ulikuwa mpana: kutoka milioni 100 hadi bilioni 6.5. Njia yao ina wapinzani wake, na haipimi kitu kile kile hasa ambacho EPA ilikipima. Hata hivyo, ukingo wao wa chini kabisa unaizidi namba ya juu ya EPA zaidi ya mara 15.

Kwa haki, kitabu cha EPA kilikuwa na namba nyingine kubwa. Vifaa vinavyonasa zebaki na gesi za asidi hunasa pia vumbi laini la moshi, na kwa hesabu yao hilo lingezuia vifo vya mapema 4,200 hadi 11,000 kila mwaka. Faida yote ikijumlishwa ilikuwa dola bilioni 37 hadi 90. Wapinzani wakasema vumbi si zebaki, halifai kuhesabiwa hapa. Hoja hiyo siioni ina uzito, kwa maana mgonjwa wa pumu hapumui zebaki Jumatatu na vumbi Jumanne.

29 Juni 2015

Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4. Jaji Antonin Scalia aliandika kwa niaba ya walio wengi. EPA ilikuwa imesema kwamba katika hatua ya kuamua kama inafaa kudhibiti au la, gharama haihusiki. Ingezingatiwa baadaye, wakati wa kupanga viwango. Scalia alisema neno “inafaa” haliwezi kusomwa hivyo, na kwamba si busara kutwisha uchumi mabilioni ya dola kwa dola chache za faida. Hoja hiyo ilikuwa imeshatolewa mwaka uliotangulia na Brett Kavanaugh, wakati huo jaji wa mahakama ya rufaa aliyebaki katika upande wa wachache. Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya wanne waliopinga, alieleza kwamba EPA iliipima gharama tena na tena katika hatua zilizofuata, na kwamba viwango vyenyewe vilitokana na kile ambacho mitambo bora ilikuwa tayari inakifanya.

Naona kwenye neno la sheria Scalia alikuwa na hoja: shirika la umma kusema gharama haihusiki ni kujitafutia matatizo. Kosa kubwa zaidi la EPA lilikuwa kuiacha namba ya milioni 4 hadi 6 isimame peke yake kwenye safu ya fedha, huku maelezo ya kilichoachwa yakiwa kurasa za mbali. Jaji hula kilichopo mezani. Mwenye namba ndogo aliyosema mwenyewe haiwakilishi madhara yote alitakiwa kulisema hilo kwa herufi kubwa, mahali pale pale ilipo namba.

Hukumu ilikuja kwa kuchelewa. Siku ya mwisho ya utekelezaji ilikuwa 16 Aprili 2015, na mitambo mingi ilikuwa imeshafunga vifaa au imeshazimwa. Mahakama haikuifuta kanuni, iliirudisha tu ichunguzwe upya. EPA ikafanya hesabu upya mwaka 2016 na kusema bado inafaa. Mwaka 2020, chini ya Trump, ikasema haifai, ikitegemea tena zile dola milioni 4 hadi 6. Mwaka 2023 ikasema inafaa. Katikati ya vuta nikuvute hiyo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia: Julai 2018 vyama vya makampuni ya umeme vyenyewe viliiandikia EPA vikiomba kanuni iachwe ilivyo, kwa kuwa wanachama wao walikuwa wameshatumia dola zaidi ya bilioni 18 na zebaki ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imeshuka kweli. Kufikia 2017 zile tani 29 zilikuwa zimebaki karibu 4, kwa vifaa hivyo na kwa mitambo mingi kuhamia gesi asilia.

Na samaki je? Kwenye ziwa moja dogo la majaribio huko Ontario, Kanada, wanasayansi waliongeza zebaki yenye alama ya kipekee kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, kisha wakaacha na kusubiri. Katika miaka minane iliyofuata, methilizebaki yenye alama hiyo ilipungua kwa asilimia 76 katika samaki wakubwa wawindaji wa ziwa lile. Baharini pia, jodari waliopimwa kwenye Ghuba ya Maine walipungukiwa na asilimia 19 kati ya 2004 na 2012, kipindi ambacho moshi wa Amerika Kaskazini ulikuwa ukipungua. Madai ya zamani kwamba hata ukifunga mitambo samaki watabaki vile vile kwa vizazi hayasimami tena.

Kwetu Afrika Mashariki zebaki nyingi hutoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao ndio chanzo cha kwanza duniani, makaa yakifuata. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa Oktoba 2013, unaotaja mitambo ya makaa kwa jina. Kenya nusura ipate mtambo wake, wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, hadi jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni tarehe 26 Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahali kama Lamu, ambapo samaki wa mshipi na jarife ndiye chakula cha kila siku, hesabu iliyojengwa juu ya wavuvi wa kujifurahisha isingemgusa karibu mtu yeyote. Mwenye kusoma tathmini ya mradi wa namna hiyo aanze na swali la nani amehesabiwa kuwa mlaji.

Marekani kwenyewe jambo halijatulia. Kanuni ya 2011 iliiachia mitambo inayochoma ligniti, makaa laini ya North Dakota na Texas, kutoa zebaki zaidi ya mara tatu ya mitambo mingine. Mwaka 2024 EPA ilitoa masharti mapya ya kuiziba tofauti hiyo. Aprili 2025 Rais Trump aliisamehe mitambo mingi isitimize masharti mapya kwa miaka miwili, na Juni mwaka huo EPA ikapendekeza kuyaondoa kabisa, ikitaja gharama.